Mshindi wa mnada hajalipa: soma dalili kwanza, ndipo utafute dawa

Malalamiko ya wanaouza kwa mnada mtandaoni hapa Dar yanafanana kama yametungwa na mtu mmoja. Mnada umepigwa kwenye kundi la WhatsApp au mubashara Instagram, dau limepanda, saa tatu usiku imefika, mshindi katangazwa na watu wamemwaga makofi. Kuanzia hapo pesa haionekani. Muuzaji anakimbilia neno moja tu: tapeli.

Mara nyingi siye. Tapeli huwa na haraka kuliko wewe. Dakika kumi baada ya mnada ameshakuletea ujumbe wa malipo na boda yuko njiani. Anayekawia ni mtu wa kawaida aliyepandisha dau kwa mori bila kuangalia salio lake. Hawa wawili dawa zao hazifanani, na wauzaji wengi huumia kwa kuzibadilisha: wanamkaba yule aliyeishiwa, wanamkabidhi mzigo yule mwenye haraka.

Zifuatazo ni dalili zinazoripotiwa kila siku. Katika kila moja, sababu zinaanzia iliyo ya kawaida zaidi, kwa hiyo usiruke hatua.

Dalili: Katangazwa mshindi, kisha kimya

Sababu ya kwanza, ambayo wauzaji hawapendi kuisikia, ni kwamba mtu hajui kama ameshinda. Kundi lina watu mia mbili, ujumbe wako umefunikwa na salamu za asubuhi na picha za mbaazi, na yeye bando lilimwishia dakika tano kabla ya kufunga. Angalia ujumbe uliomtumia binafsi. Kama una tiki moja ya kijivu, haujamfikia. Mpigie simu ya kawaida, asipopokea mtumie SMS ya kawaida. Kesi nyingi huishia hapa.

Ya pili: anajua ameshinda, ila hajui alipe wapi, kiasi gani na kwa jina la nani. "Hongera boss, karibu ulipie" haimwambii kitu. Ujumbe wa ushindi unapaswa kumaliza maswali yote kwa mara moja, mathalani huu:

"Habari za jioni dada. Umeshinda friji ya milango miwili kwa dau la 420,000. Kirikuu mpaka Mbagala ni 35,000, jumla 455,000. Lipa kwa Lipa Namba hii, jina litakalotokea ni hili. Jina likija tofauti usilipe, nipigie kwanza. Mwisho wa kulipa ni kesho saa tatu usiku. Ukipitiliza bila kuniambia, nitamuuzia anayefuata."

Sentensi ya mwisho haijawekwa kwa ukali tu. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuushikilia mzigo, na ya kuuza tena ikiwa amemjulisha mnunuzi kwamba atafanya hivyo na mnunuzi hakulipa ndani ya muda unaofaa. Taarifa ndiyo inayokulinda. Ukiuza tena kimyakimya halafu yeye akatuma pesa asubuhi, mwenye makosa ni wewe.

Sababu ya tatu ni majuto. Alikuwa anashindana na mtu, akashinda, akalala, akaamka na hesabu za kodi ya nyumba. Huyu utamtambua: anasoma ujumbe, tiki zinageuka bluu, anaweka picha za harusi kwenye status yake, wewe hakujibu. Usimtukane. Mfungulie mlango wa kutokea: "Kaka, kama mambo hayajakaa sawa niambie tu, nimpe mwingine." Watu wengi hukimbia kwa sababu ya aibu, na ukiwaondolea aibu wanajibu. Jibu la "siwezi" usiku huohuo lina faida kuliko ahadi za wiki nzima.

Sababu adimu zaidi: simu ilikuwa mikononi mwa mtoto. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba, hivyo baba akikupigia akisema ni kijana wake aliyekuwa anabonyeza, hapo huna wa kumdai. Futa, endelea.

Muda gani wa kusubiri? eBay humpa mnunuzi siku 4, na kuanzia siku ya 5 muuzaji anaruhusiwa kufuta mauzo. Kwa minada yetu ya simu, ambako malipo ni suala la dakika moja, siku 4 ni nyingi mno. Saa 24 zinatosha, ilimradi ulizitangaza kabla ya dau la kwanza. Kanuni inayozaliwa baada ya nyundo haimfungi mtu.

Ukishafuta, mrudie aliyeshika nafasi ya pili, na hapa ndipo uhusiano mwingi wa kibiashara unapovunjika. Tuseme Asha alisimama 300,000, akaja yule hewa akamsukuma mpaka 400,000, halafu huyo hewa akafunga 410,000 na kutoweka. Ukimwendea Asha umwambie "lete 410,000", atakuona unamfanyia mchezo. Anza na dau lake la mwisho, yaani 400,000, ukimweleza wazi kilichotokea. Akikujibu kwamba aliyempandisha alikuwa kivuli, ana hoja. Mimi ningekubali kushuka kidogo ili mzigo uondoke leo. Ukinadi upya kitu kilekile wiki hiyohiyo, watu wanaanza kuuliza kina kasoro gani.

Dalili: "Kesho, boss." Kesho inafika: "Kesho, boss."

Kama ni kuanzia tarehe 18 hivi, jibu ni jepesi: mshahara bado. Hiyo ndiyo sababu inayoongoza. Usibishane na kalenda. Omba kishika uchumba. Asilimia kumi mpaka ishirini ya dau, ndani ya saa 24, na tarehe ya kumalizia. Andika kabisa kwamba akishindwa kumalizia, kishika uchumba hakirudi au kinarudi nusu, chochote mtakachokubaliana, lakini kiwe kimeandikwa na yeye amejibu "sawa". Mzigo unabaki kwako mpaka shilingi ya mwisho.

Sababu ya pili ni ya kwetu hasa: mnunuzi wako naye ni muuzaji. Ameshinda simu kwa 310,000, amechukua picha zako, ameziweka kwenye ukurasa wake kwa 380,000 na sasa anasubiri mteja ili akulipe kwa pesa ya mteja. Hana nia mbaya, ila hana pesa, na ukimngojea unakuwa umemkopesha duka bila kujua. Kumgundua si kazi: tafuta picha zako kwenye kurasa na makundi mengine ya bidhaa hizohizo. Kapeti ya sebule yako ikionekana kwenye tangazo la mtu mwingine, jibu umelipata. Wa namna hii wanafaa kama wateja wa jumla, kwa malipo ya mbele, si kwenye mnada.

Sababu ya tatu ni kikomo cha muamala. Akaunti za pesa kwenye simu zina ukomo wa kiasi cha kutuma kwa siku, na aliyenunua seti ya makochi anaweza kugonga ukuta huo kweli. Kipimo: mwambie atume kiasi kinachoruhusiwa leo, kingine kesho, au alipie benki. Aliyekwama kwa kikomo ataanza palepale, na aliyekuwa anatafuta kisingizio ataleta kingine.

Dalili: "Nimeshatuma", lakini kwako hakuna kitu

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa.

Cha kwanza: usiangalie ujumbe, angalia salio. Piga menyu yako mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas (ile iliyokuwa Tigo Pesa), *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Kama salio limeongezeka, mjadala umekwisha. Kama halijaongezeka, shuka na sababu hizi.

Mtandao unasuasua. Pesa inayotoka mtandao mmoja kwenda mwingine, au benki kwenda simu, wakati mwingine huning'inia. Mwombe namba ya kumbukumbu ya muamala iliyoandikwa kwa herufi, si skrinishoti. Mwambie apige 100 kwa mtandao wake, nawe subiri bila kugombana. Mtu aliyetuma kweli hukasirikia kampuni yake. Asiyetuma hukukasirikia wewe.

Amekosea namba. Uliza jina lililotokea kabla hajaweka namba ya siri. Kama si lako, pesa iko kwa mtu mwingine na ni yeye mtumaji anayepaswa kuifuatilia kwa haraka, kabla aliyeipokea hajaitoa. Mpe pole, mwelekeze, lakini mzigo usitoke.

Ujumbe ni wa kughushi. Huu una alama zake ukiusoma taratibu. Juu kabisa, palipo na jina la mtumaji, pana namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma. Siku hizi wapo wanaofaulu kuiga hata jina, kwa hiyo shuka chini: tarehe imeandikwa kwa mtindo usio wa kawaida, kuna nafasi mbili baada ya koma, neno "Imethibitishwa" limekosewa herufi. Sasa nenda kwenye mstari wa salio jipya. Hapo ndipo tapeli hana ujanja. Kama ulikuwa na 63,200 na anadai ametuma 180,000, salio lazima lisome 243,200. Yeye hajui ulikuwa na ngapi. Ataandika namba yoyote, au ataacha mstari huo kabisa.

Tapeli huyu ana binamu yake: "Dada samahani, nimekosea nimetuma 480,000 badala ya 180,000, naomba unirudishie 300,000 mtoto yuko hospitali." Salio lako halijasogea, lakini huruma imesogea. Usirudishe hata mia. Hata kama pesa imeingia kweli, anayerudisha ni kampuni kwa utaratibu wake, wala si wewe kwa kumtumia mtu namba nyingine.

SIMAMA HAPA ikiwa mojawapo ya haya limetokea: anakuharakisha kwamba boda wake yuko mlangoni na mvua inanyesha; anatokea "mtu wa huduma kwa wateja" ambaye naye anakupigia wewe; unaombwa namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako. Kata simu. Piga 100 wewe mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kuripoti utapeli wa simu. Boda akilalamika, mwambie ukweli: mzigo haujalipiwa. Mara nyingi maskini ya Mungu naye kaitwa tu kijiweni, hajui lolote.

Dalili: Pesa iliingia, halafu imezuiwa

Mnunuzi ameiambia kampuni kwamba alituma kimakosa. Wapo wanaofanya hivyo kwa kweli, na wapo wanaosubiri mzigo ufike kwanza. Piga 100 mara moja, eleza kwamba ni malipo ya bidhaa, uwe tayari kutoa mazungumzo yenu na uthibitisho wa mzigo kupokewa. Kwa mauzo ya kila siku tumia Lipa Namba badala ya namba yako binafsi. Malipo yanasomeka kuwa ya biashara, na hadithi ya "nilikuwa namtumia shangazi" inakosa miguu.

Dalili: Analipa pungufu, au anaanza kupatana mlangoni

Ugomvi mkubwa hapa ni ya kutolea, yaani ada ya kutoa pesa kwa wakala. Mnunuzi anatuma dau kamili, muuzaji anasema "na ya kutolea je?" Kama hukuisema kabla ya mnada, imeze. Nauli vilevile: mtu wa Kariakoo anaposikia "usafiri juu yako" anafikiria boda, wewe unafikiria kirikuu kwenda Chanika.

Sababu inayofuata ni maelezo yako. "Ipo vizuri sana" si maelezo. Simu yenye ufa kwenye kona, uliyoipiga picha upande wa pili, itarudishwa au itakatwa bei, na mnunuzi ana haki yake. Piga picha ya kasoro kwa karibu kuliko ya uzuri. Anayeshinda baada ya kuiona ile kona hatakusumbua.

Kwa vifaa vya umeme kuna balaa la pekee. Friji imefika, watu wameishusha, umeme hakuna. Mnunuzi hawezi kuijaribu, hataki kumalizia, kirikuu inahesabu muda. Rekodi video ya friji ikiwaka kabla haijapakiwa, ikionyesha namba yake ya nyuma, umtumie kabla gari haijaondoka. Na kumbusha kwamba friji iliyosafirishwa inatakiwa itulie saa kadhaa kabla ya kuwashwa, asije akaichoma mwenyewe akasema ni wewe.

Ikiwa hayo yote yako sawa na bado anapatana, basi ni mzoefu. Anajua umeshalipia gari. Dawa yake ni moja: malipo yakamilike kabla ya gari kuwashwa.

Dalili: Boda kafika, simu haipatikani

Betri, foleni, au kabadili mawazo. Subiri nusu saa, mzigo urudi. Nauli ya kwenda na kurudi iwe imelipwa mapema na mnunuzi. Ukifanya lipa-mzigo-ukifika kwa mtu mgeni aliye Goba au Bunju, hiyo hasara umeinunua mwenyewe. Kwa mikoani, mzigo haupakiwi basi la Stendi ya Magufuli kabla ya kulipwa wote. Hapa hakuna mjadala.

Dalili: Watu walewale wanapandisha dau, hawalipi kamwe

Fungua rekodi za minada ya nyuma. Namba moja ikitokea kwenye mauzo matatu yaliyofutwa, iondoe kundini bila hotuba. Wengi wao ni watoto wa mjini wanaochangamka tu. Wachache ni washindani wako wanaokuvurugia, au rafiki wa mshiriki mwingine anayeruka juu ili kuwatisha wengine, kisha ajitoe, mwenzake anunue kwa bei ya chini. Dawa inayofanya kazi ni kiingilio: kila anayetaka kutaja dau aweke kiasi kidogo, kinachorudishwa akishindwa na kukatwa kwenye bei akishinda. Mara ya kwanza washiriki watapungua na kundi litakuwa kimya kidogo. Vumilia, waliobaki ndio wanunuzi.

Kabla hujawashtaki watu wa kundi, jiulize kama wewe mwenyewe huna mpandishaji uliyempanga. Sheria ileile ya Mauzo ya Bidhaa hairuhusu muuzaji kutaja dau katika mnada wake, au kumtuma mtu amtajie, bila kutangaza kwamba amejiwekea haki hiyo. Mnunuzi akigundua, anaweza kuyachukulia mauzo hayo kuwa ya udanganyifu, na hapo kutolipa kwake kuna sababu. Pia kama unanadi mali za watu kwa kamisheni, udalali una leseni yake. Usiende kudai mahakamani ukiwa huna.

Ukifika hapa, acha kujitibu

Usimwanike. Najua hasira ilivyo, na najua kuna kurasa zinazokusanya picha za "matapeli wa mjini" na kupata wafuasi. Lakini ukibandika sura, namba na kitambulisho cha mtu kwa sababu hakulipa dau, unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Namba yake iondoe, wenzako waendeshaji waambie kwa faragha na kwa maneno ya kweli tu: alishinda, hakulipa. Na usimfuate kwake na vijana. Deni la friji halina thamani ya kesi ya kuvamia.

Kama mzigo bado uko kwako, huna kesi ya kukimbilia polisi. Mtu kushindwa kulipa alichoahidi ni dai la madai. Mahakama ya mwanzo hupokea madai ya namna hii, lakini kwa tofauti ya elfu sabini kati ya dau lake na bei uliyouzia baadaye, nauli za kwenda na kurudi zitaimaliza. Mtafute wakili ukiwa unadai kiasi kinachokuuma kweli, mfano gari au kiwanja.

Kama mzigo umetoka kwa ujumbe wa kughushi, huo ni wizi wa kimtandao. Nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo, omba RB (namba ya taarifa yako iliyoandikishwa polisi), na fika na simu yenyewe, si picha za skrini pekee. Usifute mazungumzo, usiondoke kundini, usibadilishe simu. Beba taarifa ya miamala ya siku hiyo kutoka kampuni yako ya simu, namba iliyotuma ujumbe, namba ya boda aliyechukua mzigo, na kama ni simu, namba yake ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe. Ujumbe wa kielektroniki unapokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila mpelelezi atataka kuuona ulipo. Boda mtafutie namba ya kijiwe chake kabla ya jioni. Kesho yake hatakumbuka alishushia wapi.